Noti Iliyokufa Jumapili ya Tatu

Wivu wa watu wengi huanzia machoni. Wa Fundi ulianzia masikioni, Jumanne saa nne asubuhi, akiwa ameinamia piano ya maktaba, kichwa karibu kimezama ndani, ufunguo wa kukazia nyuzi mkononi.

Nyuma yake, kwenye meza ndefu ya kusomea, mchumba wake, aliyeitwa Fidla, alikuwa akifanya mazoezi ya kuanza. Kuanza tu. Yeye alishika fidla begani, na mpiga piano aliyekaa mkabala naye aliweka vidole juu ya mbao za meza, kwa kuwa piano yenyewe ilikuwa bado mikononi mwa Fundi. Wanamuziki wawili wasio na wa kuwaongoza huanza kwa pumzi. Wanatazamana, wanavuta hewa kwa pamoja, na wakiitoa muziki unakuwa umeshaanza. Walipojaribu mara ya kwanza zilisikika pumzi mbili. Mara ya pili, mbili. Mara ya sita Fundi, ambaye anakula kwa kusikia tofauti ambazo wengine hawazisikii, alisikia pumzi moja.

Uzi aliokuwa akiukaza ukapita kiwango. Akaulegeza, akaanza upya.

"Umeisikia hiyo?" Fidla alimwuliza mwenzake, amefurahi kama mtoto.

"Nimeisikia," yule dada akajibu. "Usiiguse. Tuiache hivyo hivyo."

Jina halisi la Fundi, hata shangazi yake aliyemlea alilikumbuka siku za kujaza fomu tu. Karakana ya piano aliirithi kwa baba yake pamoja na zana, wateja na jina. Mzee alikuwa ndiye Fundi, na alipofariki jina likahamia kwa binti bila mtu kuuliza. Fidla naye aliitwa Fidla tangu darasa la pili, alipoanza kutembea na kisanduku kirefu kuliko mguu wake. Miaka mitatu iliyopita aliingia karakana kuuliza swali la dakika mbili, akakaa juu ya stuli hadi jioni, na kesho yake akarudi na swali lile lile. Sasa harusi ilikuwa imebaki miezi miwili.

Maonyesho ya maktaba yalikuwa wazo la Fidla. Aliyaita Jumapili za Wazee na Watoto. Wazee ni kazi za zamani, za watu waliokufa miaka mia mbili au mia tatu iliyopita. Watoto ni kazi mpya, nyingine hata wino haujakauka. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, meza za chumba cha kusomea zinasukumwa ukutani, na wazee na watoto wanakalishwa chumba kimoja wazoeane. Jumapili ya kwanza walikuja watu thelathini na mmoja, na mmoja wao alikuwa amekuja kurudisha kitabu. Jumapili ya pili viti havikutosha.

Jumapili ya tatu ndiyo iliyomleta Bibie, yule dada wa pumzi moja.

Hilo jina alipewa na mlinzi wa mlangoni, na likamkaa. Alitoka mji mwingine, alipiga piano na pia aliandika muziki, na alitembea kama mtu ambaye hajawahi kuchelewa wala kukimbia. Angekuwa na maringo, Fundi angejua pa kumshika. Lakini siku ile ya kwanza alimfuata pale pale kwenye piano, akasimama hatua mbili nyuma kama anayesubiri daktari amalize.

"Fundi, nina ombi. Ukikataa sitanuna."

"Sema tu, dada."

"Kazi yangu inataka skrubu ndani ya piano. Kumi na moja, katikati ya nyuzi. Na vipande saba vya raba. Kuna noti zitalia kama kengele, na nyingine zitakufa kabisa, utadhani mtu anagonga mlango. Ningeweza kuziweka mwenyewe, lakini piano hii wote wananiambia mwenyewe ni wewe."

"Na mzee anapigwa kabla au baada?"

"Ndiyo shida yangu. Mtoto anaanza, mzee anafuata. Mapumziko ni dakika ishirini. Utaweza kuzitoa zote na kuirudisha piano kama ilivyokuwa?"

"Dakika kumi na tano zinanitosha," Fundi alisema, akajishangaa kwa jinsi alivyojisifu.

"Nimeambiwa hivyo. Fidla anakusema kila saa."

Lilikuwa neno la kumfurahisha, lakini lilimchoma. Kila saa. Kumbe walikuwa na saa nyingi.

Ijumaa Fidla alipita karakana. Fundi alikuwa akipaka gundi kwenye vinyundo vya piano ya mteja, na hakuinua kichwa.

"Mnapotazamana mnatazama nini?"

"Nani na nani?"

"Usinifanye mjinga."

Fidla akavuta stuli yake, ile aliyoizoea. "Natazama bega lake. Bega ndilo linaloniambia ataanza lini."

"Bega."

"Ndiyo, bega. Hata mpiga selo wa mwezi uliopita nilimtazama bega, na yule ni babu wa wajukuu sita."

"Babu hukumtabasamia."

"Babu alikuwa anachelewa kila mara, ningetabasamu vipi?" Alicheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. "Fundi. Hii ni kazi. Wewe ukiingiza kichwa ndani ya piano nakuita mara tatu hunisikii. Nimewahi kuionea wivu piano?"

"Piano haina bega."

Hapo hata yeye alikaribia kucheka. Lakini jambo lilikuwa bado limekaa kifuani, na alijua likikaa hadi kesho litakuwa limeota mizizi.

"Nikikualika chakula cha saa saba unakuja saa nane," alisema polepole. "Miaka mitatu. Yeye amekuja juzi, akivuta pumzi tu, nawe umeshavuta. Nimewasikia Jumanne. Ilikuwa pumzi moja, Fidla. Hiyo ndiyo kazi yangu, siwezi kukosea."

Fidla akasogeza stuli karibu. Akanyoosha mkono akamfuta gundi kidoleni kwa kitambaa chake mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, kama alivyofanya mara mia. Wakati mwingine wowote hiyo ingetosha.

"Kuna kitu hujaniambia?" Fundi aliuliza.

"Hakuna."

Neno lenyewe lilikuwa sawa. Sauti ilikuwa chini kidogo ya pale inapostahili, kama uzi uliolegea upana wa unywele. Fundi aliisikia. Akairudisha brashi kwenye gundi, akaendelea na kinyundo kilichofuata.

Jumamosi shangazi yake alimkuta jikoni akiosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Nilikwambia uolewe na yule daktari wa meno," shangazi akasema, akijikalia. "Daktari wa meno anatazama midomo ya watu kutwa nzima, na hakuna hata mmoja anayemwimbia."

"Shangazi, sijasema kitu."

"Hiyo sufuria ndiyo inasema. Sasa ni nini, amekosa au unamhisi tu?"

"Namhisi."

"Basi subiri akose, umpate na kosa kamili. Kuhisi kunachosha bure."

Jumapili saa tisa kasorobo hapakuwa na kiti kitupu. Wengine walikaa juu ya ngazi zile za kufikia vitabu vya juu. Fundi alisimama nyuma, kwenye rafu ya kamusi, mahali pake pa siku zote. Mstari wa mbele alikaa mama yake Fidla, mjane wa mpiga fidla, mgongo umenyooka, mkoba juu ya magoti. Mama huyu hakuwahi kumtolea Fundi neno baya. Alimwita "binti wa karakana" kwa sauti ya upole, kama anayetaja ugonjwa wa jirani.

Kazi ya Bibie ilianza bila kutangazwa. Skrubu zililia kama kengele za mbali, raba zikagonga, na fidla ikaingia katikati yake kama mtu anayepita chumba chenye giza akipapasa ukuta. Fundi alitaka kuichukia. Alikuwa amejiandaa kuichukia tangu Jumanne. Lakini kila skrubu aliipima mwenyewe, kila raba aliikata kwa mkono wake, na vyote vilisema pale vilipotakiwa kusema. Watu waliacha kukohoa. Kisha Bibie aliinua bega, Fidla akaliona, wakavuta hewa, na katika chumba cha watu mia na ishirini Fundi akaisikia tena ile pumzi moja.

Fidla alitabasamu. Bibie naye.

Makofi yalipolia, Fundi alikuwa ameshafika mbele na kopo lake la bati. Akafungua kifuniko cha piano, akaanza kutoa skrubu. Moja, mbili, tatu. Alikuwa kwenye ya nane alipoona mkoba wa mama mkwe wake mtarajiwa umewekwa juu ya kiti cha piano.

"Pole na kazi."

"Ahsante, Mama."

"Umewaona walivyopatana? Baba yake angekuwa hai angelia."

"Wamepiga vizuri."

"Mimi nimeshaanza kujizoeza. Miezi mitatu si mingi, lakini nyumba itakuwa kimya."

Skrubu ya tisa ikaanguka ndani ya kopo kwa kelele. "Miezi mitatu ya nini, Mama?"

"Ya kuzunguka na Bibie. Miji kumi na nne. Wanaanza mwezi ujao." Mama akainamisha kichwa kidogo. "Barua ya mwaliko ina wiki mbili. Hajakwambia? Basi nimeharibu. Tarehe ya harusi sijui mtaifanyaje, ila nyinyi vijana mnajua kujipanga."

Akachukua mkoba wake, akarudi kiti chake.

Fundi alitoa skrubu ya kumi na ya kumi na moja. Mikono ilijua kazi, ikaendelea yenyewe. Raba ya kwanza. Ya pili. Wiki mbili. Ijumaa alimwuliza uso kwa uso. Ya tatu, ya nne. Alimfuta gundi vidoleni akasema hakuna. Ya tano. Mwezi ujao, na nguo ya harusi iko kwa mshonaji imekatwa. Ya sita.

Ya saba ilikuwa katikati ya nyuzi za noti moja iliyo juu kidogo ya katikati ya piano. Fundi aliifahamu. Kazi ya mzee ilianza polepole, na wimbo wake ulipanda hadi noti hiyo mara nne, kila mara kwa upole zaidi, na mara ya nne Fidla huinua upinde na wawili wale hutazamana kabla ya kushuka. Alikuwa ameyahesabu hayo kwenye mazoezi yote, akiwa nyuma ya kamusi.

Baadaye angeweza kujiambia kwamba alisahau, na watu wote wangemwamini. Lakini alisimama pale, kibano mkononi, akaitazama ile raba muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Akakaza nyuzi nyingine zote zikakaa sawasawa. Akafunga kifuniko. Dakika kumi na nne.

"Tayari?" Bibie alimwuliza akipita.

"Tayari," Fundi akasema.

Akarudi kwenye rafu yake.

Mzee akaanza. Hewa ya chumba ikabadilika. Baada ya kengele na kugongwa, wimbo ule wa zamani ulikuja kama maji ya kunywa. Mama mmoja karibu na Fundi alifumba macho. Wimbo ukapanda ngazi ya kwanza, ya pili, ukafika juu, na badala ya noti ikasikika tok, kama kifundo cha kidole juu ya mlango.

Bega la Bibie liliruka. Mkono wake haukusimama.

Fidla hakumtazama Bibie. Aligeuza macho juu ya vichwa vya watu wote, moja kwa moja hadi kwenye rafu ya kamusi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na swali, na jibu lake alikuwa nalo tayari.

Fundi alitaka sakafu ifunguke. Alikuwa amemwachia mtu kazi mbovu. Miaka kumi na miwili ya kazi, na kabla yake miaka arobaini ya baba yake, hakuna piano iliyotoka mikononi mwao ikiwa na kasoro wanayoijua.

Mara ya pili Bibie aliikwepa noti, akaipiga ile ndugu yake ya juu, nyembamba, na Fidla akapunguza sauti kumpisha. Mara ya tatu vivyo hivyo. Mara ya nne, pale wanapotazamana, Bibie hakuikwepa. Aliigonga kwa makusudi, tok, taratibu kama mtu aliyechoka kusubiri mlangoni. Fidla akasita, akauweka upinde kando, akaudonoa uzi kwa kidole kumjibu. Tok, akagonga huyu. Akadonoa yule. Kisha wakavuta pumzi, wakashuka pamoja na wimbo, na chumba kizima kikatoa sauti ndogo ya kushangaa, kama watu walioonyeshwa kitu kizuri wasichokitarajia.

Ndivyo ilivyokuwa. Alichokiweka ili kiwatenganishe, wao walikiokota wakajengea nyumba.

Watu walisimama kupiga makofi. Mkutubi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja mbio hadi mbele.

"Mzee amebisha hodi kwa mtoto," alisema, macho yamelowa. "Wazee na Watoto, kweli kabisa. Wazo hilo ni la nani?"

"La Fundi," Bibie akajibu, bila kutabasamu.

Walikutana watatu katika chumba kidogo cha nyuma kinachohifadhi magazeti ya zamani. Fidla alisimama mlangoni akiwa bado na fidla mkononi. Bibie alikaa juu ya marundo ya magazeti, mikono mapajani.

"Niliiacha kwa makusudi," Fundi alisema kabla hajaulizwa. "Sikusahau. Naomba radhi. Siombi unisamehe leo."

"Leo siwezi," Bibie akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Mimi situmii chombo changu mwenyewe kama yeye. Kila mji nakaa mbele ya piano ya watu wengine, na ninaamini aliyeigusa kabla yangu hajaniwekea mtego. Miaka kumi na tisa. Leo umenifanya niogope kiti."

"Najua."

"Na ungeniuliza tu, ningekujibu. Mimi sina haja na mchumba wako. Nina haja na mpiga fidla. Ukiweza kuwagawa hao wawili, nipe wangu, baki na wako."

"Nimejaribu kuwagawa," Fundi akasema. "Nimeshindwa."

Bibie alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu atoke jukwaani uso wake ukalegea kidogo. "Hata mimi naona ni mmoja," alisema. "Basi hilo ni lako na lake. Raba yangu naiomba, ni yangu."

Fundi akaitoa mfukoni. Alikuwa ameshaenda kuiondoa, kabla hata makofi hayajaisha. Bibie akaipokea, akapita katikati yao, akatoka.

Chumba kikabaki na harufu ya karatasi kuukuu.

"Ulijua ni mimi," Fundi akasema.

"Ungekuwa umesahau, ungeshika kichwa. Ulisimama wima." Fidla akaiweka fidla juu ya magazeti, taratibu. "Mama amekwambia."

"Mama ameniambia. Wewe ulikuwa na wiki mbili na mdomo, na Ijumaa nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilitaka kwenda," Fidla akasema. "Ningekuwa sitaki, ningekuja mbio siku ile ile, nikwambie nimekataa, nijisifu. Nilitaka. Nikaona aibu kutaka, na harusi hii hapa. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikifika nakukuta na gundi mikononi, unaimba, nashindwa."

"Na yeye? Unampenda?"

"Napenda nikipiga naye. Sitakudanganya, sijawahi kupiga na mtu hivi. Lakini muziki ukiisha yeye anatafuta maji ya kunywa, na mimi naangalia rafu ya kamusi."

Maneno matamu. Wiki iliyopita angeyachukua akalala nayo kitandani. Leo aliyasikia, akayaweka kando kama kitu cha kukaguliwa baadaye kwenye mwanga.

"Na harusi?"

"Ningeomba tuisogeze."

"Ungeniomba lini? Ukiwa umeshapanda gari?"

Fidla alipiga hatua moja, akasimama, kama mtu asiyejua kama mlango umefungwa kwa ufunguo au umerudishwa tu.

"Niambie wewe," alisema. "Niende, nisiende?"

"Hapana. Huo mzigo hunitwishi. Nikisema baki, utabaki ukinitazama kama kufuli. Nikisema nenda, siku nikilia utaniambia nilikutuma. Sema mwenyewe, kwa mdomo wako, nami nikusikie."

Nje viti vilikuwa vikikunjwa. Fidla alitazama mikono yake, akatazama ya Fundi.

"Naenda," alisema.

Neno lilikuwa sawa na sauti ilikuwa sawa, safari hii hapakuwa na hata unywele wa tofauti, na kwa sababu hiyo liliuma zaidi. Fundi alishika ukingo wa rafu.

"Naenda. Na nikirudi nataka kukuoa."

"La kwanza nimelisikia," Fundi akasema. "La pili utaniambia ukirudi. Usiniachie ahadi nikae nayo peke yangu, itanitesa. Ukirudi ukiwa bado unalitaka, stuli unaijua ilipo."

Aliona macho ya Fidla yakijaa, akataka kuyafuta, akajizuia. Akatoka kwanza yeye.

Mama yake Fidla alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, peke yake, koti limeshafungwa vifungo vyote. Fundi angeweza kupita. Akasimama mbele yake.

"Mama, ile noti iliyokufa ni mimi. Niliacha raba ndani baada ya kuniambia ya safari. Sitaki uisikie kwa mwingine."

Mama akamtazama juu hadi chini. Alikuwa na macho ya mwanawe, ila makavu.

"Miaka thelathini na miwili nimekaa na mpiga fidla," alisema. "Unadhani siijui noti ya kosa na noti ya hasira?"

Mama akafungua kifungo kimoja cha koti.

"Kulikuwa na mwimbaji. Walipiga wote msimu mzima, yeye na baba yake Fidla. Wakitazamana, mtu unajiona kama kiti." Akasogeza mkoba wake pembeni, na Fundi hakujua kama ameonyeshwa nafasi ya kukaa, lakini akakaa. "Nikauficha upinde wake kabatini, chini ya mashuka. Siku tatu anautafuta."

"Akafanyaje?"

"Akaazima wa mtu. Akapiga vizuri kuliko siku zote." Mama alitikisa kichwa, na mdomo wake ulijikunja upande mmoja. "Hakuwahi kuniuliza. Alipofariki ndipo nilipoikuta barua yake kwa rafiki yake, anaandika, mke wangu ameficha upinde, nasubiri aniambie. Hakuna siku niliyomwambia."

Mfagiaji alipita na ndoo.

"Leo sikukwambia kwa bahati mbaya," Mama akasema. "Nilifikiri utakunja zana zako uondoke."

"Ningeondoka, ungefanyaje?"

"Ningelala vizuri." Akainuka, akajinyoosha koti. "Na ningekuwa nimekosea. Angalau wewe umesema."

Hakumwita binti wa karakana. Hakumwita mwanangu pia. Akashika njia yake kuelekea mlangoni, na Fundi akamfuata kwa mbali.

Kupitia kioo cha mlango aliwaona wawili wale kwenye ngazi za nje, kwenye jua la saa kumi na moja. Fidla na Bibie walikuwa wameinamia karatasi moja, vichwa karibu vigusane. Bibie alionyesha kitu kwa kidole, Fidla akakubali, na kile kitu kikamjaa tena Fundi kifuani, cha moto, kile kile, hakijapungua hata kidogo. Alikuwa amekiri, ameomba radhi, amesikia la kwake, na wivu ulikuwa bado umekaa pale pale kama mwenye nyumba.

Akasukuma mlango, akashuka ngazi, akasimama kati yao.

"Hiyo ndiyo orodha ya miji?"

Bibie aliinua macho, akamtazama Fidla, kisha akajitoa hatua mbili, akageukia barabarani. Fidla alibaki na karatasi mkononi.

"Ndiyo."

"Nisomee."

"Yote?"

"Yote, na tarehe zake. Mji gani mtalala siku ngapi, na mtapiga nini. Usiruke."

"Itakuumiza, Fundi."

"Imeshaniuma. Soma."

Akaanza kusoma. Alisoma wa kwanza, siku nne. Wa pili, siku sita. Mama yake alikuwa amesimama chini ya ngazi, anasikiliza bila kujificha. Fidla alipofika wa tano, ambao tarehe yake ilikuwa ile ile ya harusi, sauti yake ikakatika, akaishusha karatasi.

Fundi aliushika mkono wake uliokuwa na karatasi, akauinua hadi usawa wa macho yake.

"Endelea," alimwambia. "Bado tisa."